Kompyuta na Ardhi Ifurayo

Wanafunzi hufundishwa kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Hufundishwa kuuliza mtungaji alikusudia nini, alichagua nini, aliacha nini, na kama maneno yake yapatana na ukweli wa maisha. Hii ni elimu njema. Walakini mwanafunzi yule yule aliyemhakiki mshairi bila hofu, akiletewa mchoro uliotoka katika kompyuta, wenye rangi nyekundu, manjano na buluu, na tarakimu zenye desimali tatu, huweka kalamu chini na kusadiki. Hudhani kuwa mashine haitungi, na kwamba kisichotungwa hakihakikiwi.

Dhana hiyo si sahihi. Mchoro wa kompyuta nao ni utungo. Una mtungaji wake, una mambo yaliyochaguliwa na mambo yaliyoachwa, na hauna haki ya kuiponyoka mizani ya mhakiki. Katika insha hii nakusudia kuuweka katika mizani utungo mmoja wa namna hiyo, nao ni mfano wa kompyuta wa bitana ya handaki katika ardhi ifurayo. Nimeuchagua kwa sababu uzuri na upungufu wa kompyuta huonekana ndani yake waziwazi. Na kwa sababu ukikosewa, kosa lake hulipwa kwa fedha za umma na pengine kwa roho za watu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Handaki ni njia iliyochimbwa chini kwa chini ili ipite reli, barabara au maji. Bitana ni neno la mshonaji: ni kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa joho au koti. Bitana ya handaki ni ukuta wa ndani wa zege au chuma, ambao huzunguka tundu lililochimbwa na kuizuia ardhi isiingie. Tofauti yake na bitana ya joho ni kubwa. Bitana ya joho hubebwa na joho. Bitana ya handaki hubeba mlima. Kwa hiyo fundi wa handaki hana budi kujua mlima utaisukuma bitana kwa nguvu kiasi gani, naye hutaka kujua kabla ya kujenga, si baada ya ukuta kupasuka.

Ardhi si moja, na msomaji wa Kwale anaweza kulithibitisha neno hili bila kutoka nje ya kaunti yake. Akisimama Diani, Msambweni au Shimoni, chini ya miguu yake ni mwamba wa matumbawe. Mwamba huu haufuri unyeshewapo. Adui yake ni maji yanayouyeyusha pole pole kwa miaka mingi, na ndiyo maana pwani yetu ina mapango. Pango la Shimoni, lililoupa mji ule jina lake, limekaa wazi kwa karne nyingi bila bitana yoyote, na paa lake la matumbawe limejibeba lenyewe. Msikiti wa Kongo, penye mlango wa mto Mwachema huko Diani, umejengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa, na hata leo watu huswali ndani yake.

Lakini msomaji huyo akipanda vilima vya Shimba, kisha akateremka upande wa Kinango mpaka Maji ya Chumvi, atakuta nchi nyingine. Huko mna tabaka za mawe yaliyotokana na mchanga na udongo ulioshindiliwa zamani sana, na wanajiolojia wameliita kundi moja la tabaka hizo kwa jina la mahali pale, Maji ya Chumvi. Si kila jiwe lililotokana na udongo hufura. Walakini ni katika jamaa ya mawe kama haya, yenye udongo ndani yake, ndipo mhandisi anapolazimika kuuliza swali ambalo kwenye matumbawe asingeliuliza: jiwe hili likinywa maji litafanya nini?

Wenzetu wa bara hulijua swali hili kwa njia ya mkato. Katika tambarare za Athi na katika mashamba ya mpunga ya Mwea kuna udongo mweusi mzito ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na mvua ikija hufura na kuziba nyufa zote. Nyumba iliyojengwa juu yake bila hadhari huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zikapasuka. Ndiyo maana wajenzi wa Nairobi huuchimba na kuuondoa udongo huo kabla ya kuweka msingi. Mjenzi wa nyumba aweza kuuondoa udongo mbaya. Mchimba handaki hawezi kuuondoa mlima; hana budi kukaa nao.

Jinsi kitu kifuracho kinavyosukuma yaweza kufahamika vema kwa mabaharia wa Gazi, Vanga na Wasini. Chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zake hukauka na kusinyaa, na nafasi hufunguka kati ya ubao na ubao. Fundi huzikalafati nafasi hizo kwa pamba. Lakini fundi mwenye akili hashindilii pamba kupita kiasi katika ubao uliokauka mno, maana anajua kuwa chombo kikirudi majini ubao utakunywa maji na kudai nafasi yake. Ukiikuta nafasi, utafura kidogo, uzibe, utulie. Ukiikosa, utasukuma kwa nguvu kubwa hata misumari ilegee. Hapa pana kanuni nzima ya ardhi ifurayo: kitu kikinyimwa nafasi kabisa husukuma sana, kikipewa nafasi kidogo, nguvu zake hupungua.

Ardhi hufura kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni ya udongo. Baadhi ya madini ya udongo yamepangika kama karatasi nyembamba sana zilizolaliana, na maji huingia baina ya karatasi na kuzitenganisha. Njia ya pili ni ya jiwe liitwalo anihaidraiti, ambalo likikutana na maji hugeuka kuwa jasi, na katika kugeuka huko ukubwa wake huongezeka kwa asilimia 60 hivi. Mji mdogo wa Staufen, nchini Ujerumani, ulijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 2007 mashimo membamba yalichimbwa karibu na jumba la baraza la mji, ili joto la ardhini litumiwe kulipasha moto jumba hilo. Maji yakapata njia ya kuifikia anihaidraiti iliyokuwa imelala kavu chini. Mji ukaanza kuinuka, na nyumba nyingi zikapasuka. Hakuna aliyekusudia kuuinua mji. Kilichotendeka ni kwamba maji yalifunguliwa mlango. Na handaki, msomaji, ni mlango mkubwa kuliko shimo lolote jembamba.

Sasa tuutazame utungo wenyewe. Zamani mhandisi alikadiria nguvu za ardhi kwa kanuni fupi na kwa mazoea. Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883 na ambaye wengi humwita baba wa elimu ya udongo kwa wahandisi, alitoa mwaka 1946 mpango wa kupima uzito wa mwamba juu ya handaki kwa kuugawa mwamba katika namna mbalimbali, na ardhi ifurayo aliipa namna yake peke yake. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa ndege walianza kuukata ubawa wa ndege, katika hesabu, kuwa vipande vidogo vidogo, na kuikokotoa nguvu ya kila kipande kwa kompyuta. Mwaka 1960 Ray Clough, mwalimu wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, aliipa njia hiyo jina ambalo imedumu nalo mpaka leo. Haukupita muda mrefu ila njia ya ndege ikahamia milimani.

Mtungaji wa mfano hufanya hivi. Huuchora mlima na handaki lake, aghalabu kama mkate uliokatwa ubale mmoja. Huugawa ubale huo katika vipande maelfu. Kila kipande hukipa tabia: uzito wake, ugumu wake, kiasi cha nguvu kinachoweza kuvumilia kabla ya kuvunjika, na kiasi kitakachofura kikipata maji. Kisha huiamuru kompyuta iondoe vipande vilivyo mahali pa handaki, iweke bitana, iruhusu maji yaingie, na ikokotoe kila kipande kitasogea umbali gani hata vyote vipatane. Jibu likitoka hutiwa rangi, na mahali penye taabu huwa pekundu.

Mhakiki wa haki huanza kwa sifa, nami nitaanza hivyo, kwa kuwa sifa za utungo huu si chache. Sifa ya kwanza ni kwamba huruhusu kosa lisilo na maiti. Mwanafunzi wa uhandisi aweza kulivunja handaki mara mia kabla ya chakula cha mchana, wala asimdhuru mtu. Sifa ya pili ni kwamba hulinganisha maumbo. Weka katika mfano mmoja handaki lenye sakafu bapa, na katika mfano wa pili handaki lenye sakafu iliyopinda kwenda chini kama kitako cha mtungi. Ardhi ni ile ile, zege ni lile lile. Sakafu bapa itakunjika katikati. Iliyopinda itaupokea msukumo na kuugawa pande zote. Mfinyanzi wa mitungi hakuhitaji kompyuta kulijua jambo hili, lakini mhandisi huhitaji kujua faida hiyo ni kiasi gani na yagharimu nini, na hayo kompyuta humwambia vizuri.

Sifa ya tatu naiona kuwa kubwa kuliko zote. Mfano humlazimisha mtungaji kusema dhana zake kwa tarakimu. Mtu aweza kusema kwa mdomo kuwa mwamba ni mzuri, na maneno yake yakapita kama upepo. Akiandika katika programu kuwa mwamba utafura kwa asilimia 3, amejifunga. Dhana iliyoandikwa yaweza kusomwa na mwingine, ikaulizwa, ikapingwa. Utungo unaokubali kuhojiwa una heshima kuliko maneno ya mkubwa asiyehojiwa.

Walakini upungufu nao upo, na wa kwanza umo katika tarakimu hiyo hiyo. Hutoka wapi? Hutoka maabarani, ambako kipande cha jiwe huwekwa ndani ya pete ya chuma, kikabanwa, kikanyweshwa maji, na mwinuko wake ukapimwa. Huder na Amberg, wahandisi wa Uswisi, walieleza mwaka 1970 namna ya kupima hivyo, na vipimo vya aina hiyo vilionyesha kanuni ya ajabu kidogo: mwinuko hufuata logi ya mgandamizo. Tuseme, kwa kujifunza tu, kwamba jiwe fulani likibanwa kwa kilopaskali 1,000, yaani uzito wa tani 100 hivi juu ya kila mita moja ya mraba, halifuri hata kidogo. Likibanwa kwa kilopaskali 100 hufura kwa asilimia 3 ya kimo chake. Likibanwa kwa kilopaskali 10 hufura kwa asilimia 6. Kila mgandamizo ukigawanywa kwa 10, mwinuko huongezeka kwa 3.

Chukua kalamu, msomaji, ulikague jambo hili. Ukiiruhusu ardhi ifure kwa asilimia 3 tu, mzigo wa bitana hushuka kutoka 1,000 hadi 100, yaani mara 10. Hii ni ile hekima ya fundi wa chombo, imeandikwa kwa hesabu. Lakini geuza karatasi. Tuseme aliyepima maabarani alipata mwinuko ulio pungufu kwa asilimia 1, na kwa kweli jiwe hufura kwa 4 pale alipoandika 3. Kwa nafasi ile ile ya asilimia 3, mgandamizo wa kweli hautakuwa 100, bali 215 hivi. Kosa dogo la kupima limeuzidisha mzigo zaidi ya mara mbili. Na jiwe lililopimwa ni dogo kama kikombe, nalo limetolewa mahali pamoja katika mlima wa kilomita kadhaa. Basi ile desimali ya tatu iliyotuvutia katika mchoro ina thamani gani? Haidanganyi kwa makusudi. Kompyuta imegawanya sawasawa ilivyoambiwa. Ila tarakimu ndefu imeazima heshima ambayo kipimo hakikuwa nayo. Ni kama mtu anayetaja umri wa mbuyu kwa siku na saa.

Upungufu wa pili ni wa maji na wakati. Kipimo cha maabara huchukua wiki au miezi. Handaki hutakiwa kuishi miaka 100. Maabarani maji hutiwa kwa mkono. Mlimani maji huja yatakapo, kwa nyufa zisizoonekana, na pengine uchimbaji wenyewe ndio uliowafungulia njia. Mtungaji wa mfano hana budi kukisia maji yatafika wapi na lini. Hapa utungo huacha kuwa hesabu na kuwa ubashiri, japokuwa rangi zake hubaki zile zile.

Ushahidi wa jambo hili watolewa na Uswisi, nchi ya milima iliyochimbwa mahandaki tangu enzi za reli za kwanza. Handaki la Belchen, la barabara kuu iendayo kutoka Basel kusini, lilifunguliwa mwaka 1970, nalo hupita katika tabaka zenye udongo na anihaidraiti. Ardhi haikutulia kwa kuwa sherehe imekwisha. Iliendelea kusukuma miaka baada ya miaka, bitana ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Mwishowe njia ya tatu ikachimbwa kando ya zile mbili, ikafunguliwa mwaka 2022, ili magari yapate pa kupita wakati za zamani zikitengenezwa. Fikiri juu ya nusu karne ya matengenezo katika nchi tajiri yenye wahandisi hodari, kisha jiulize nchi isiyo na fedha hizo ingefanya nini.

Upungufu wa tatu haumo katika mashine wala katika mwamba. Umo katika moyo wa mtu. Mfano uliogharimu kazi nyingi hupendwa na mtungaji wake, na mapenzi hayo humfanya awe mgumu wa kusikia. Mfano wake nautoa Singapore, na nitasema mapema kuwa udongo wa huko ni laini wa baharini, si wa kufura. Lakini somo lake ni la watungaji wote wa mifano. Mnamo tarehe 20 Aprili mwaka 2004, shimo refu lililokuwa likichimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi kando ya barabara ya Nicoll liliporomoka, na watu wanne wakafa. Tume ya uchunguzi iliona makosa kadha wa kadha. Moja lilikuwa katika kompyuta: udongo ulielezwa kwa njia isiyoufaa, ukapewa nguvu kuliko ulizokuwa nazo, na kwa hiyo kuta zikakadiriwa kubeba mzigo mdogo kuliko wa kweli. Jingine lilikuwa katika maungio ya vyuma vilivyozishikiza kuta hizo, ambayo yalikuwa dhaifu.

Lakini kosa linalomhuzunisha mhakiki ni la tatu. Vyombo vya kupimia vilikuwapo, na vilionyesha kuta zikisogea kupita kiasi kilichotarajiwa. Badala ya kuuliza kama mfano ni wa kweli, hesabu zilirudiwa na kurekebishwa mpaka zikalingana na vipimo, mipaka ya hatari ikasogezwa mbele, na kazi ikaendelea. Kuta zilikuwa zikisema. Mfano ukatumiwa kuzinyamazisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuongeze kwamba kuna namna ya kuziba ufa katika karatasi peke yake, nayo ni mbaya kuliko kuuacha wazi.

Yamkini msomaji atauliza: kama ni hivyo, mbona tusiitupe kompyuta na kurudi katika kanuni za wazee? Nami najibu kuwa huo ungekuwa uhakiki wa hasira, si wa haki. Kanuni za wazee nazo zilikuwa mifano. Tofauti ni kwamba zilikuwa fupi, na upungufu wake ulionekana upesi. Tena wazee walio bora hawakuziamini kanuni zao bila kuangalia. Ralph Peck, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi pamoja na Terzaghi, alieleza katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1969 njia ambayo wawili hao waliitumia: panga kwa hali iliyo karibu zaidi na kutokea, tayarisha mapema jambo utakalofanya ikiwa hali itakuwa mbaya kuliko ulivyopanga, kisha pima kila hatua, na uwe tayari kubadili. Mabaharia wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mhandisi naye aende huku na huko katika hesabu zake kadiri apendavyo. Marejeo yake ni ardhini, penye kipimo.

Uswisi ile ile iliyotupa mfano wa taabu inatupa pia mfano wa hekima. Handaki la Chienberg, penye mji wa Sissach, lilisumbuliwa na sakafu kufura tangu wakati wa kujengwa. Lilifunguliwa mwaka 2006, na ufuraji ukaendelea. Wahandisi hawakuishia kujenga ukuta mnene zaidi. Katika sehemu zenye taabu waliweka chini ya barabara vipande vinavyokubali kubonyea, ili ardhi ipate nafasi ya kufura na sakafu ya magari isiinuke. Naupenda utungo huo. Haujidai kujua mlima utafura kiasi gani. Umeacha nafasi kwa yale usiyoyajua, umeweka na macho ya kuyaangalia. Hapo kompyuta na fundi wa chombo wamekutana.

Kutokana na haya twaweza kujiwekea mizani. Ukiletewa mfano wa kompyuta, wa handaki au wa kitu kingine chochote, uulize maswali manne. La kwanza: tarakimu zilizoingizwa zilipimwa wapi, mara ngapi, na zipi zilikisiwa? La pili: nini kimeachwa nje ya mfano, na kilichoachwa chaweza kuleta madhara? La tatu: tarakimu moja ikibadilishwa kidogo, jibu hubadilika kidogo au hupinduka? Mtungaji mwaminifu hakuonyeshi mchoro mmoja, hukuonyesha michoro mingi, ya heri na ya shari. La nne, ambalo ndilo husahauliwa zaidi: kazi ikianza, nani atapima, na akiona hatari ana mamlaka ya kuisimamisha? Mfano uliojibu maswali matatu ya kwanza ukashindwa na hili la nne ni sawa na nahodha aliyesoma nyota vizuri akakosa usukani.

Huenda msomaji wa Msambweni akaona kuwa mambo haya ni ya mbali, kwa sababu kijijini kwake hakuna handaki. Lakini Kenya inachimba. Handaki la reli la Ngong lina urefu wa kilomita 4.5, na treni hupita ndani yake tangu mwaka 2019. Huko Murang'a njia ya maji ya kilomita zaidi ya 11 imechimbwa chini ya ardhi ili kuipelekea Nairobi maji. Na kazi kubwa za namna nyingine zimekuja katika kaunti ya Kwale yenyewe: bwawa la Mwache katika upande wa Kinango, madaraja ya barabara ya Dongo Kundu, na machimbo ya mchanga wa madini ambayo yalianza kutoa mali mwaka 2013 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Kazi kubwa za siku hizi hutanguliwa na hesabu za kompyuta, na wenyeji huitwa barazani wakaonyeshwa picha nzuri. Picha hizo zaweza kuwa za kweli. Lakini baraza ambalo hakuna ndani yake kijana mmoja awezaye kusimama na kuuliza, kwa adabu, tarakimu hizi zilipimwa wapi, baraza hilo limeitwa kushangilia tu, halikuitwa kushauriwa.

Swali hilo halihitaji digrii. Lahitaji hesabu ya logi iliyo katika vitabu vyenu, jiografia ya mawe mnayoyakanyaga kila siku, na tabia ile mliyojifunza katika somo la fasihi, ya kutokubali utungo kabla ya kuupima. Masomo hayo matatu hukaa katika ratiba kama majirani wasiosalimiana. Wajibu wenu ni kuyakutanisha. Na baadhi yenu, Mungu akipenda, mtakuwa watungaji wa mifano hiyo wenyewe. Mtaketi mbele ya kompyuta, na chini ya jibu lake mtatia sahihi. Siku hiyo msisahau kuwa mtu aliyevaa kofia ya chuma, aliye ndani ya handaki chini ya bitana mliyoikokotoa, hana njia ya kuziona desimali zenu. Yeye huona ufa tu. Akiwaletea habari ya ufa, aaminiwe yeye kwanza, na mfano uangaliwe upya.